Msusi Aliyeukwepa Uhuru Wake

Sisi wa mji wa Ho tunapenda sherehe, na katika sherehe zote za kazi hakuna inayotukusanya kama siku fundi anapomweka huru mwanagenzi wake. Mwanagenzi huvaa nguo nyeupe, hupiga magoti, hupakwa poda shingoni mpaka akohoe, na makreti ya soda hupangwa ukutani. Kisha fundi wake humtia mkononi mkasi na kitana na kusema mbele ya watu, "Nimekuweka huru. Nenda." Bila maneno hayo, tena yatoke kinywani mwa fundi mwenyewe, usithubutu kufungua saloni yako. Akina mama wa chama cha wasusi watakuja kuifunga, na hata ukiwakwepa hao, nani atakupa kichwa chake?

Kwa hiyo wanagenzi huililia siku hiyo. Wapo wanaoanza kuiulizia wiki ile ile ya kwanza, hata kuosha nywele bila kumwagia mteja maji machoni hawajajua. Sefakor peke yake ndiye aliyeikimbia, na alikuwa hodari kuliko wote waliopita katika saloni ya Madam Dzigbordi pale karibu na soko.

Alikuwa mwanamke mzima. Wenzake aliojifunza nao walikwisha kuondoka zamani. Hata wale aliowafundisha yeye, akiwashika vidole kama anawafundisha watoto kuandika, nao waliondoka, wakaweka vibao vyao barabarani na picha za wanawake wenye misuko ambayo hawajui kuisuka. Sefakor alibaki akifagia nywele sakafuni na kuitwa mwanagenzi.

Siyo kwamba Madam alimzuia. Madam alipanga siku, siku ikaharibika. Mara ya kwanza Sefakor alisema fundi cherehani hajamaliza nguo nyeupe, na nguo ilikuwa chumbani kwake, imekunjwa chini ya vitenge. Mara nyingine aliugua malaria, malaria ya ajabu iliyomwacha asubuhi ya pili, wageni walipokwisha kurudishwa. Kisha ikaja ile ya soda. Mwenzake mmoja aitwaye Makafui alikuwa anawekwa huru na makreti hayakutosha. Sefakor akaenda kwao, akachukua makreti yote aliyokuwa amejinunulia kwa siku yake, akayapeleka. Watu walimsifu kwa ukarimu mpaka akaona haya. Yeye alijua kwamba haukuwa ukarimu, ila hakujua ulikuwa nini.

Mji haukosi majibu. Wengine walisema amempenda kaka yake Madam, mzee mstaafu mwenye meno ya kuhesabika. Wengine wakasema amezika kitu chini ya kiti cha wateja, akiondoka kitaota. Shangazi yake, Afiwa, aliyemlea, alikuwa na jibu fupi zaidi.

"Huyu ni mvivu wa kuwa mtu mzima," alisema. "Anapenda kutumwa."

Maneno hayo yalimuuma Sefakor kwa sababu hakuwa na jibu lake mwenyewe la kuweka mahali pake. Alijaribu kulitafuta. Akiwa anaosha sufuria ya ugali wa akple alijiuliza, mimi nina nini? Na kila alipokaribia kupata jibu, lilimponyoka, na sufuria ilikuwa bado chafu.

Mama yake Sefakor alikuwa mchuuzi wa nguo, akizunguka miji ya Lomé, Cotonou na kwingineko. Alikuja bila taarifa na kuondoka bila kuaga, kwa sababu alisema mtoto akiagwa analia, na kilio kinaharibu safari. Sefakor mdogo alizoea kuamka na kutazama mlangoni kwanza, kama ndara za mama zipo. Zikiwepo, alikaa karibu naye siku nzima akiusoma uso wake, amefurahi au amechoka, anakaa au anafunga mizigo. Hakuna mtoto wa mtaa ule aliyejua kusoma uso kama yeye. Kipaji hicho ndicho alichokuja nacho saloni. Mteja akikaa tu, kabla hajasema, Sefakor alikwisha kujua kama anataka kupendeza au anataka kufichwa.

Lakini uso alioutazama zaidi ni wa Madam. Madam Dzigbordi alikuwa na mazoea yake. Kichwa kikimalizika alipita, akainua msuko mmoja kwa mkia wa kitana, akasema, "Haya." Basi. Hakuwa mtu wa maneno ya sukari. Sefakor aliweza kushinda na njaa kutwa nzima kwa hiyo "haya" moja. Jumamosi moja Madam alipita, akatazama kichwa cha mwanamke aliyekuwa anakwenda harusini, akaondoka kimya. Sefakor akaushika msuko wa kwanza. Akaanza kufumua.

"We! Unafanya nini?" mteja akaruka.

"Kuna kosa, mama. Subiri kidogo tu."

"Kosa gani? Mimi mwenye kichwa sijaliona!"

Madam akarudi mbio, kashika shavu. "Sefakor, una wazimu? Kichwa kizuri kile unakifumua kwa nini?"

"Hukusema kitu, Madam."

"Jino linaniuma, mtoto we! Ningesema kwa mdomo gani?"

Saloni nzima ilicheka, isipokuwa yule mteja, aliyekwenda harusini amejifunga kilemba. Sefakor alicheka pia, akaingia nyuma kwenye mapipa ya maji, akalia. Alijiona mjinga. Mtu mzima, mikono yenye sifa mji mzima, na hawezi kujua kama kazi yake ni nzuri mpaka aambiwe na mtu mwenye jino bovu!

Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Madam alimwambia Sefakor toka kila siku. "Hujaondoka tu? Utazeekea humu humu?" Halafu jioni, wakila, ndiye aliyemchagulia kipande kikubwa cha samaki kwenye mchuzi wa bamia. Watoto wake wawili walikuwa Ujerumani, wakimpigia Krismasi. Hatukulitilia maanani jambo hilo, maana kila mtu hapa ana mtoto aliye mbali.

Mambo yalianza kuchemka siku ile ya redio. Ilikuwa mchana wa joto, feni inazunguka bila kusaidia. Sefakor alikuwa anamsuka Mwalimu Etornam, mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke anayejua kila kitu na asiyeona sababu ya kukificha. Makafui naye alikuwa amepita kuwasalimia, mkoba wake wa vitana begani. Makafui hakufungua saloni hata baada ya kuwekwa huru. Alisuka watu majumbani kwao, leo huku, kesho kule.

Redioni mwanamke mmoja alikuwa akisema, kwa sauti ya upole kama anazungumza na mgonjwa, kwamba mtu hufanya kazi jinsi alivyoshikwa utotoni. Aliyelelewa na mtu wa kuja na kupotea, alisema, humng'ang'ania mkubwa wake wa kazi kama alivyong'ang'ania nguo ya mama. Hujituma sana, lakini raha ya kazi yake imo usoni mwa mwingine. Aliyelia asiitikiwe, huyo huchagua kazi ya peke yake, hataki kusifiwa wala kukosolewa, akikaribiwa anahama. Na yuko aliyeshikwa vizuri na kuwekwa chini vizuri. Huyo hufanya kazi, hupenda kazi, na kazi ikiisha huenda kwake akala.

"Mwana umleavyo ndivyo akuavyo," alisema Mwalimu Etornam. "Wazee walishayasema hayo, tena bila betri."

"Huyo anamsema Sefakor," Madam akadakia. "Zima, asije akataja na mtaa anaokaa."

Wakacheka. Makafui akanyoosha mkono kama yuko darasani. "Mimi ni huyo wa pili. Mteja akianza kunisifu nakereka. Akinikumbatia, nyumba ile sirudi."

"Ndiyo maana ulitoweka kwangu!" Mwalimu akageuka, na Sefakor akamrudisha kichwa.

"Ulinipikia, Mwalimu. Mara mbili. Nikaona hapa sasa pana mambo."

"Jamani, kupikiwa nako ni kosa?"

"Sijui. Mimi sijui. Nilikula, kilikuwa kitamu, nikatamani kukimbia." Makafui alisema hivyo akitabasamu, lakini tabasamu lilimtoka haraka.

"Na wa tatu je, yule aliyewekwa chini vizuri?" akauliza Madam. "Ni nani humu ndani?"

Kila mmoja akamnyooshea mwenzake kidole.

"Huyo hayupo Ho," alisema Mwalimu Etornam. "Labda Keta."

Kicheko kilipokwisha, wote walikwisha kusahau, ila Sefakor. Maneno yale yalimkaa. Kwanza alifurahi kama mtu aliyetajiwa jina la ugonjwa wake. Baadaye akachanganyikiwa zaidi kuliko mwanzo. Kama anamng'ang'ania Madam kwa sababu ya mama, mbona mama mwenyewe alipokuja mwaka uliopita, mzee, amechoka safari, Sefakor hakutamani kukaa naye? Mbona alitafuta visingizio awahi kazini? Na likazuka swali baya zaidi, likawa linamwamsha alfajiri. Je, yeye anapenda kusuka, au anapenda kusuka Madam akiwepo? Akiondoa Madam, kitabaki nini? Huenda hana kazi anayoipenda. Huenda ana mtu tu. Aliogopa sana kulijua hilo, na njia pekee ya kulijua ilikuwa kuondoka.

Ndipo shangazi Afiwa alipoingia saloni siku ya gulio, kajifunga kitenge cha vita, hakusalimu hata.

"Nimepata kontena la kufanya saloni mtaa wa Hliha, njia panda, mahali pazuri. Mwenye nalo ametupa muda mpaka mwisho wa mwezi. Tusipoingia anampa muuza simu." Akamgeukia Madam. "Dada Dzigbordi, mimi na wewe hatujawahi kugombana. Huyu mtoto unamweka huru au humweki?"

"Mimi?" Madam akaweka draya chini. "Mimi ndiye namkataza? Muulize yeye soda zake zilinywewa na nani!"

"Basi Jumapili hii. Nguo nitakaa nayo mimi. Soda zitalala chini ya kitanda changu. Akiugua tutambeba na mkeka."

"Jumapili hii," alisema Madam, akaokota draya, akamwelekezea mteja puani badala ya nywelini.

Sefakor alisimama kati yao na kitana mkononi. Hakuna aliyemuuliza. Alimtazama Madam usoni kama alivyozoea. Aliona uso wa mtu mwenye shughuli. Akaumia. Kumbe ni rahisi hivi, alijiambia, wameniondoa kama wanahamisha meza.

Wiki hiyo alimfuata Makafui, aliyekuwa anamsuka bibi mmoja uani kwake, bibi kiziwi kabisa.

"Unawapenda wateja wa namna hii," Sefakor alisema.

"Hawa ndio wazuri. Unakuja kulia?"

"Nakuja kuuliza. Siku ya kwanza ulipotoka kwa Madam ulijisikiaje?"

"Raha." Makafui akafunga ncha ya msuko. "Halafu wiki ya pili nilimaliza kichwa kimoja, kizuri, Sefa, kizuri mno. Nikageuka nyuma. Sijui nilikuwa namtafuta nani. Hakuna mtu. Nikafunga mkoba nikaondoka."

"Sasa wewe una raha au huna?"

"We nawe! Unaniuliza kama mimi ndiye redio." Akacheka. "Raha ninayo. Ila inapwaya kidogo, kama gauni la kupewa."

Sefakor alirudi nyumbani na maswali mengi kuliko aliyokwenda nayo. Alikuwa ametaraji kuambiwa nenda au baki. Sasa alijua kwamba hata aliyetamani kuondoka tangu siku ya kwanza hakupata alichokitamani, na bado hakutaka kurudi. Afanye nini mtu na habari kama hiyo?

Jumapili ikafika, na hakuugua. Watu walijaa uani kwa shangazi, mahema mawili, spika zimefunguliwa mpaka mbuzi wa jirani wakahama. Akina mama wa chama walikuja na sare zao. Sefakor alipiga magoti juu ya kitambaa, nguo nyeupe imembana kwapani kwa sababu ilishonwa alipokuwa mwembamba. Wakammwagia poda. Wakaomba, wakaimba. Mama mwenyekiti wa chama akampa Madam mkasi na kitana, juu ya sahani, akampisha.

Madam Dzigbordi alisimama. Akaviweka vile vitu mikononi mwa Sefakor. Akafungua mdomo.

"Nime..." alisema.

Watu wakasubiri. Mpiga picha akajiweka sawa.

"Nimeku..." Madam akafunga mdomo. Akatazama pembeni, akajaribu tena, na safari hii hakikutoka kitu kabisa. Mama mwenyekiti akamnong'oneza maneno, akidhani ameyasahau, mwanamke aliyeyasema kwa wanagenzi wengi hata hesabu imepotea.

"Kuna nini tena?" shangazi Afiwa alisikika nyuma. "Leo nani anayekwepa?"

Hakuna aliyecheka. Sefakor aliinua macho, poda imemwingia, anaona nusu nusu. Na katika nusu hiyo aliuona uso wa Madam. Miaka yote ameusoma uso ule, asubuhi mpaka jioni, akitafuta humo kama amependwa ama kakosa. Hakuwahi kuusoma kujua Madam mwenyewe ana nini. Ulikuwa uso wa mtu anayetazama mlango na kujua nani atatoka. Ulikuwa na hofu. Sefakor aliifahamu hofu ile kuliko alivyofahamu jina lake, na alipoiona kwa mtu mwingine, kwa mtu mkubwa, kwa Madam, alipigwa na butwaa.

Angeweza kusimama wakati ule. Angeweza kusema basi, leo si siku, tupange nyingine. Watu wangenung'unika, wangekunywa soda, wangekwenda kwao. Kontena lingechukuliwa na muuza simu. Na kesho yake wao wawili wangefungua saloni kama kawaida, kila mmoja na siri yake nusu. Sefakor alilitaka jambo hilo kwa moyo wote.

"Madam," alisema, na sauti yake ilimshangaza. "Sema tu. Niachie."

Madam akatikisa kichwa kama mtoto.

"Nakuomba. Nitakuja kukusalimia, utanifukuza kama kawaida. Sema, niende."

"Nimekuweka huru," alisema Madam Dzigbordi, polepole sana, kiasi kwamba waliokaa hema la pili walidai baadaye hawakusikia na sherehe irudiwe. "Nenda, mwanangu."

Vigelegele vilipanda. Wakambeba Sefakor juu juu, wakamwimbia, na yeye alikuwa analia na kucheka, na ndani ya kelele hizo alikuwa anajiuliza. Nimeomba kwa sababu nilitaka kwenda? Au niliona anateseka nikamsaidia amalize, kama nilivyozoea kumpa anachotaka kabla hajasema? Kama ni hivyo, basi hata uhuru wangu nimeuomba kwa ajili yake. Na kama ni hivyo, ni uhuru wa namna gani? Hakupata wa kumuuliza. Walikuwa wanataka apige picha.

Jumatatu alifungua kontena pale Hliha. Rangi ilikuwa bado mbichi, ikamchafua kiwiko. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akainuka, akakaa kwenye benchi, akaona hajui mwenye saloni hukaa wapi. Kisha akaja mama mmoja mpita njia mwenye nywele ngumu, nzuri, akasema anataka mistari midogo, ana msiba mjini Kpando. Sefakor akaanza kugawa nywele.

Simu ikaita. Alikuwa Madam.

"Hivi shampuu ile ya dumu unaiweka wapi?"

"Chini ya sinki, Madam, nyuma ya ndoo."

"Haya." Akakata.

Hajamaliza mstari, ikaita tena. Funguo za kabati ziko wapi. Funguo za kabati zilikuwa kwenye msumari pale pale zilipokuwa tangu kabati linunuliwe, na Madam ndiye aliyegongelea msumari ule. Sefakor alimwelekeza kwa upole. Moyo ulimjaa. Aliona angeweza kukimbia, ni mwendo mfupi tu, amwonyeshe, arudi. Mama wa msiba alikuwa amesinzia, shingo imelegea mikononi mwake, na mstari aliouanza ulikuwa unashuka kutoka utosini, umenyooka, mwembamba, mzuri. Aliuona ni mzuri. Akastaajabu kwamba ameuona.

Simu ikaita tena. Jina la Madam likawaka juu ya rafu. Sefakor aliitazama. Akatazama vidole vyake, nywele zimeshikwa sehemu tatu, akiziachia zitafumuka. Iliita, iliita, ikakaribia kuanguka kwa kutetemeka kwake.

"Mbona hupokei?" aliuliza mteja bila kufumbua macho. "Huenda ni mama yako."

"Huenda," alisema Sefakor. Hakujua kama anatenda jema au anatenda ukatili, na simu ilikuwa bado inaita. "Nina kichwa mkononi, mama. Atasubiri."